Skonzi za kima zilizolowa chini: uchambuzi wa trei mbili za futari

Kisa chenyewe ni cha trei mbili za skonzi. Mwanzoni mwa Machi 2025, Ramadhani ilipoingia, mama yangu mdogo anayeishi Ngamiani, Tanga, alipokea oda ya skonzi za kima kutoka kwa jamaa waliokuwa wanafuturisha. Alikanda unga kilo moja, akajaza, akaoka kwa awamu mbili kwa sababu oveni yake inabeba trei moja tu. Zote zilitoka na rangi ya kupendeza, ufuta umeshika vizuri juu, harufu imejaa mpaka kibarazani. Kwa kuziangalia tu, kazi ilikuwa imekwisha salama.

Shida ilionekana zilipokatwa. Za trei ya kwanza zilikuwa zimelowa chini, na tabaka la mkate lililogusana na nyama lilikuwa zito, linanata kwenye meno, hata wageni wakasema ni mbichi. Za trei ya pili zilikuwa na pango ndani: paa la mkate liko juu peke yake, nyama imejikusanya chini, na katikati kuna uwazi unaoingia kidole. Baadhi yake zilifunguka mdomo kwa chini, mafuta yakavuja na kuungua kwenye trei.

Aliponipigia simu alikuwa ameshatoa hukumu. "Mwanangu, hamira niliyouziwa ilikuwa mbovu." Kopo lilishatupwa, jingine limenunuliwa. Na kama hamira mpya nayo ingeshindwa, alipanga kubadilisha unga, na baada ya unga, fundi aje aangalie oveni.

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimewaona wengi wakipita njia hiyohiyo. Mkate wa kujaza ukiharibika, mtu hukimbilia kushuku hamira, unga na moto, kwa kuwa ndivyo vitu tulivyozoea kuvilaumu kwenye mkate mtupu. Nyama haishukiwi, maana nyama ni tamu na kila aliyeonja kaisifu. Lakini katika mkate wa kujaza, kinachoamua mwenendo wa unga ni kile kilichomo ndani yake.

Ushahidi uliokuwa umeliwa na watoto

Nilimwomba anisimulie siku nzima, kuanzia alipoingia jikoni mpaka adhana ya magharibi, bila kuruka kitu. Akanieleza hivi. Alianza kukanda saa nane mchana. Maziwa aliyapasha moto kidogo kama anavyofanya siku zote. Unga ukiwa unaumuka, akapika kima: kilo moja ya nyama ya kusaga, tangawizi na thomu, ndimu, bizari nyembamba, pilipili manga, na nyama ilipokaribia kuiva akatia vitunguu maji vinne vikubwa vilivyokatwa vidogovidogo, hoho na kotimiri. Akageuza mara mbili tatu, akaepua. Saa tisa na nusu akaanza kujaza, kima ikiwa bado inatoa mvuke, kwani muda ulikuwa unambana. Trei ya kwanza ikaingia ovenini baada ya kuumuka kama nusu saa. Trei ya pili ikasubiri zamu yake.

Halafu akasema jambo ambalo kwake halikuwa na uzito wowote: kima ilimwishia, madonge manne yakabaki bila kitu, akayaviringa matupu na kuyaweka pembeni mwa trei ya pili ili watoto wapate cha kulia chai.

Nikamuuliza hayo manne yalitokaje.

"Hayo yalitoka vizuri mno, laini kama pamba. Wajukuu waliyamaliza palepale."

Hapo kesi ya hamira ilikuwa imeisha. Unga ni uleule uliokandwa chombo kimoja, hamira ileile, trei moja, oveni moja, dakika zilezile. Matupu yameumuka na kuiva, yaliyojazwa yameharibika. Kama hamira ingekuwa imekufa, yote yangelala. Kama moto wa oveni ungekuwa na kasoro kubwa, matupu nayo yangebaki mabichi chini. Tofauti pekee baina ya skonzi nzuri na skonzi mbaya katika trei ile ilikuwa kima.

Nashauri mtu yeyote anayeoka mikate ya kujaza abakishe madonge mawili matupu kwenye kila trei, hata kama oda imebana. Mkate mtupu utakueleza hali ya unga wako, na uliojazwa utakueleza hali ya kujaza kwako. Bila huo mtupu unabaki kukisia, na kukisia kunagharimu makopo ya hamira.

Kima ya sambusa na kima ya skonzi

Vyakula vyetu vingi vya kujaza nyama huku pwani ni vya kukaanga: sambusa, katlesi na vinginevyo. Mapishi ya kima tuliyorithi yametokana na hivyo, na yanafaa sana kwa hivyo. Mpishi mzuri wa sambusa anajua kwamba vitunguu havitakiwi kuiva. Vinatiwa mwishoni, wengine hata baada ya nyama kupoa, ili vibaki na ukakasi na utamu wake. Mama mdogo ni fundi wa sambusa, na kima aliyoipika siku ile ilikuwa kima ya sambusa isiyo na dosari.

Ila sambusa ikishafungwa haikai na ujazo wake muda mrefu namna ile kwenye joto la jikoni. Manda yake ni nyembamba na kavu, mafuta ni ya moto sana, na maji yanayotoka kwenye vitunguu yanageuka mvuke na kutoka. Skonzi iko mbali na hapo. Ukishaifunga inakaa kuumuka nusu saa, pengine saa nzima, kisha inakaa ovenini dakika 20. Muda wote huo chumvi iliyo kwenye nyama inavuta maji kutoka kwenye vitunguu vibichi na hoho. Maji hayo hayana pa kwenda. Yametiwa ndani ya donge la unga laini, na unga ndio unaoyanywa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Tanga, na kabla hatujagusa unga nilimwomba apike kima kidogo kwa namna yake ya kawaida. Tukaimimina kwenye chujio juu ya bakuli, tukaiacha. Kwa macho ilikuwa kavu, huwezi kuidhania. Baada ya nusu saa bakuli lilikuwa na maji mekundu yenye mafuta, tukayamimina kwenye kikombe cha kahawa yakakijaza mpaka ukingoni. Mama mdogo alikiinua kikombe kile, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha bila kusema kitu, kisha akakiweka mezani taratibu. Maelezo yangu yote ya kwenye simu hayakumgusa kama kikombe kile.

Sasa turudi kwenye trei ya kwanza, kasoro moja baada ya nyingine.

Wageni walisema mbichi. Unga mbichi na mkate uliolowa vinafanana mdomoni, ila sababu ni mbili tofauti na dawa ni mbili tofauti. Wanga wa ngano ukipata joto, kuanzia nyuzi joto 60 hivi, unanyonya maji na kuvimba, na huko ndiko kuiva kwa mkate. Ukiwa na maji ya kiasi, unatoka mkate. Ukiwa na maji mengi mno, unatoka kitu cha jamii ya uji, hata ukiuacha ovenini mpaka juu kuwe mkaa. Tabaka lile zito lililozunguka nyama lilikuwa limeiva. Liliiva likiwa na maji ya kima ndani yake. Kuongeza dakika, kama alivyokusudia kufanya, kungekausha ganda la juu na kuacha uji palepale.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo lilizidisha hali. Kima iliyoepuliwa muda si mrefu ina joto la nyuzi 70 na zaidi. Hamira hufa ikifikia nyuzi 55 hadi 60. Unapoweka nyama inayotoa mvuke katikati ya donge, unaua hamira yote iliyo kwenye tabaka linalogusana na nyama, na tabaka la nyuma yake unalipasha joto likimbie kuumuka kabla ya wakati. Kwa hiyo donge moja linakuwa na mikate mitatu ndani yake: wa nje unaoumuka kwa mwendo wake, wa katikati unaokimbia, na wa ndani kabisa uliokufa. Huo wa ndani hauwezi kuwa na vitundu vya hewa, na mkate usio na vitundu ukinyweshwa maji unakuwa kama gundi. Alikuwa na sababu ya kushuku hamira, basi, kwa sababu sehemu ya hamira kweli ilikuwa imekufa. Kilichoiua ni nyama yake mwenyewe.

Trei ya pili ina hadithi yake. Ilijazwa mwisho, kwa hiyo kima ilikuwa imepoa kiasi, na ndiyo maana tabaka zito halikuwa baya kama la kwanza. Lakini aliichota kutoka chini ya sufuria, ambako maji na mafuta yote yalikuwa yametuama. Kijiko kilipofika kwenye donge kilidondosha mafuta kwenye ukingo wa unga, na unga wenye mafuta haushikani. Unaweza kuubana vidole vikaingia, ukauona umefunga, na ukageuka nyuma ukaukuta umeachia. Zaidi ya hapo, mama mdogo alikuwa anapaka mafuta viganjani ili unga usimnate. Mdomo wa kila skonzi ulikuwa umefungwa kwa mafuta juu ya mafuta.

Pango limetokana na mambo mawili yaliyokutana. Trei ile ilisubiri zaidi ya saa moja katika jikoni lenye joto la Machi, kabla ya masika, wakati Tanga inafika nyuzi 32 mchana bila shida. Unga uliozidi kuumuka unakuwa na mapovu makubwa na kuta dhaifu. Ulipoingia ovenini, maji ya kima yakachemka, mvuke ukapanda na kusukuma paa juu, na paa likaganda likiwa huko huko juu. Nyama nayo ilikuwa punjepunje, haijashikana na kitu, ikashuka chini maji yake yalipotoka. Matupu manne yaliyokaa muda uleule yalinusurika kwa kuwa hayakuwa na mvuke wa kuyapandisha paa. Yalitanuka kidogo tu kuliko kawaida.

Tulichobadilisha

Hamira hatukuigusa. Unga hatukuubadilisha. Vipimo vya unga tuliviacha kama vilivyokuwa, maana ni vizuri: unga wa ngano kilo 1, maziwa nusu lita, mayai 2, samli au siagi gramu 100, sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chakula, chumvi vijiko vitatu vya chai visivyojaa. Nilijaribu kumshawishi apunguze sukari, kwani unga wenye sukari nyingi unashika rangi mapema kabla ndani hakujaiva. Akakataa. Skonzi zake zinajulikana kwa utamu ule mdogo unaokutana na pilipili manga, na mtu aliyefunga kutwa anautamani. Nilimwelewa, tukaiacha.

Maziwa tu ndiyo tuliyoyatoa kwenye moto. Vitabu vingi vya mapishi vinasema maziwa yawe vuguvugu, na ushauri huo umeandikwa kwa majiko ya nchi za baridi. Mahali ambapo unga wenyewe kwenye debe una nyuzi 30, maziwa ya vuguvugu yanakupa unga unaokimbia kuliko unavyoweza kuufukuza. Tumia ya kutoka kwenye friji. Unga utaumuka bado, ila utakupa nafasi ya kupumua.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye kima, na hapa ndipo ninapoomba msomaji aende polepole.

Nyama iliingia kwenye sufuria pana peke yake, pamoja na chumvi, tangawizi na thomu, juu ya moto mkali. Nyama ya kusaga hutoa maji mengi mwanzoni, na kosa la wengi ni kufunika. Haifunikwi. Inageuzwa, inavunjwavunjwa kwa mwiko, mpaka maji yaishe na uanze kusikia sauti ya kukaanga badala ya kuchemka. Sikio ni kipimo kizuri kuliko saa hapa. Ndimu ikaingia hapo, nayo ikakaushwa. Vitunguu tulivikaanga kwenye kikaango cha pembeni mpaka vikalainika na kuanza kushika rangi, ndipo vikachanganywa na nyama. Hoho tuliiondoa kabisa. Inapendeza kwa rangi, lakini ni mfuko wa maji. Kotimiri ilisubiri mpaka nyama ipoe.

Kisha kikaja kitu cha kushikisha. Mimi nilitaka viazi mviringo vilivyopondwa, kwa sababu viazi vinakunywa maji yanayobaki na kuifanya kima ikae pamoja kama kitu kimoja. Mama mdogo alikataa bila kusita. "Watasema nimepunja nyama nikajaziliza viazi." Anawajua wateja wake, na katika biashara ya chakula cha nyumbani jina likichafuka halisafishiki kwa maelezo. Yai bichi ni njia nyingine, linaganda ovenini na kushika vizuri, ila sikulitaka likae ndani ya donge muda wote wa kuumuka kwenye joto lile. Tukakubaliana vijiko viwili vya unga wa ngano, vikanyunyizwa juu ya nyama ikiwa bado kwenye moto, vikakaangwa dakika mbili mpaka harufu ya ubichi ikatoka, halafu maji kidogo sana kutoka kwenye kiganja. Mafuta yaliyokuwa yanatembea kwenye sufuria yakashikwa. Ukiichota kwa kijiko na kukiinamisha, kima inashuka kwa bonge. Hicho ndicho kipimo: ikishuka kwa punje moja moja, au ikiacha alama ya mafuta kwenye kijiko, bado.

Kupoza kulileta mjadala wa maana kuliko yote. Alipokubali kwamba kima iingie ikiwa baridi, wazo lake la kwanza lilikuwa kuipika alfajiri baada ya daku, kuifunika kwa kawa mezani, na kuijaza alasiri. Hapo nilisimama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba, na nyama ya kusaga iliyotulia mezani Tanga kuanzia alfajiri hadi alasiri inapita mbali na hapo. Wapo watakaosema kuwa itaingia ovenini na vijidudu vitakufa. Vijidudu vingi vitakufa kweli. Lakini baadhi yao, kama Staphylococcus aureus na Bacillus cereus, wakiachwa wazaane hutoa sumu ambayo moto wa oveni hauiondoi. Futari ya watu wengi si mahali pa kufanyia majaribio hayo. Kima inamwagwa kwenye sinia pana, inatandazwa iwe nyembamba ipoe haraka, na ndani ya saa moja inaingia kwenye friji. Ikipikwa usiku baada ya tarawehe ni vizuri zaidi, kwa kuwa baridi inaifanya ishikane, na mchana inabaki kazi ya unga peke yake. Umeme ukikatika usiku na friji ikapoteza baridi, pika nyingine. Hasara ya kilo moja ya nyama inavumilika.

Kujaza na kuoka

Mizani ndogo ya jikoni ilimkera mwanzoni, ikamfurahisha mwishoni. Kila donge gramu 60, kila bonge la kima gramu 35. Kabla ya hapo alikuwa anakadiria kwa kijiko, na ndiyo sababu kima ilimwishia. Tuliviringa kima yote iwe mabonge 30 kwanza, yakapangwa kwenye sinia na kurudi kwenye friji. Ukiwa na bonge la baridi lililoshikana, kujaza ni kuweka tu. Hakuna kijiko kinachodondosha mafuta, na ukingo wa unga unabaki msafi.

Donge linatandazwa kwa vidole, halisukumwi lote kwa kifimbo cha chapati. Katikati paachwe panene, pembezoni pawe pembamba, upana wa kiganja. Kuna mantiki yake: pembe zikikusanywa na kubanwa zinarundikana mahali pamoja, na zikiwa nene unapata kitako cha unga mzito usioiva sawa na sehemu nyingine. Kima inakaa katikati, upana wa kidole unabaki wazi kuzunguka. Pembe zinavutwa juu, mbili mbili zinazotazamana, kisha zote zinabanwa na kuzungushwa kidogo. Kabla ya kumaliza kubana, minya donge taratibu hewa itoke. Mikono iwe mikavu. Kama unga unanata, paka unga viganjani, lakini usiuguse ukingo. Binti yake alishika kazi ya kuweka kima, yeye akabaki na kubana, na vidole vyenye mafuta havikukutana tena na mdomo wa skonzi.

Tatizo la oveni ya trei moja lilibaki. Suluhisho lilikuwa kugawa unga baada ya kuukanda: nusu ikaachwa ichachuke, nusu ikaingia kwenye friji ikiwa kwenye bakuli lililofunikwa, ikatolewa baadaye. Baridi inapunguza mwendo wa hamira bila kuiua. Trei ya pili ikajazwa wakati ya kwanza iko ovenini, na zote mbili zikaumuka muda unaolingana, dakika 35 hivi. Kujua kama tayari, bonyeza ubavuni kwa kidole: alama ikirudi taratibu na kuacha kidimbwi kidogo, oka. Ikirudi upesi, subiri. Isiporudi kabisa, umechelewa, na paa litakuhama.

Oveni yake ni ya gesi na moto unatoka chini peke yake. Tuliipasha mpaka nyuzi 190, trei ikakaa katikati, dakika 20. Kwa kuwa sukari tuliiacha, dakika ya 12 tulifunika juu kwa karatasi ya fedha. Niliingiza kipimajoto kwenye mkate wenyewe, pembeni, bila kugusa nyama, nikasubiri kisome 90 na zaidi kidogo. Asiye nacho apindue skonzi moja: kitako kiwe kikavu, na ukigonga kwa kidole kisikike kitupu.

Kwa wanaooka kwa mkaa, sufuria kubwa na makaa juu ya mfuniko, hesabu ni ileile ila makaa mengi yapaliwe juu, machache yabaki chini. Skonzi ya kujaza ina kitako kizito kuliko skonzi tupu, na moto mkali wa chini utaunguza ganda kabla joto halijapita kwenda ndani. Tandika mchanga au vijiwe chini ya trei.

Tulizikata zikiwa zimepoa dakika 10. Kitako kikavu, mkate umeshuka mpaka kwenye nyama na kuigusa, vitundu vinaonekana hata kwenye tabaka la ndani. Hakuna iliyofunguka mdomo. Tatu kati ya 30 zilikuwa na pango dogo, na zote tatu zilitoka kwenye trei ya pili, upande ambao jua la dirishani lilikuwa linapiga wakati wa kuumuka. Trei sasa inaumuka upande wa ukutani.

Ameshapata oda ya Idi, na safari hii mteja anataka kuku. Nimemweleza kwamba asichukue hesabu za kima akazipeleka kwa kuku moja kwa moja. Kuku aliyechemshwa na kuchambuliwa hana mafuta ya kutosha ya kumshikisha, na akikaushwa kama kima anakuwa nyuzi tupu. Yeye anahitaji mchuzi mzito wa maziwa na unga, uliopikwa mpaka mwiko uache njia kwenye sufuria, upozwe kabisa, ndipo uchanganywe na kuku. Ukiwa wa baridi unakatika kama jibini. Ovenini unalainika tena kidogo bila kutiririka. Na yale madonge mawili matupu pembeni mwa trei yaendelee kuwepo, wajukuu wakubali kusubiri mpaka bibi azikate kwanza.